Macho yanavyoukosea mwendo wa lori kwenye barabara za mpakani

Anayetoka Tanzania kuingia Rwanda kupitia Rusumo hupita mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Anavuka Mto Kagera. Anarudisha saa yake nyuma, maana upande wa Ngara ikiwa saa mbili asubuhi, ng'ambo ni saa moja. Na anabadilishiwa upande wa barabara: Tanzania magari hupita kushoto, Rwanda hupita kulia.

Pasipoti inagongwa muhuri, simu inajirekebisha saa yenyewe, shilingi zinageuzwa faranga. Macho hayabadilishwi na mtu. Mfanyabiashara aliyekulia kwenye nchi ya kushoto amezoea tangu utotoni kwamba gari la kwanza linaloweza kumgonga hutokea kulia kwake. Akifika ng'ambo na furushi kichwani, shingo inageuka kulia bila kuulizwa, inaona pako wazi, na mguu unashuka kwenye lami. Kumbe gari la kwanza la huko hutokea kushoto.

Badiliko hilohilo linamsubiri anayeingia Burundi kupitia Kabanga na Kobero, anayetoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Katuna au Mirama Hills, anayevuka Mpondwe kuingia Kasindi upande wa Kongo, anayetoka Elegu kwenda Nimule nchini Sudan Kusini, na anayevuka Moyale kuingia Ethiopia. Kwingine hakuna mabadiliko. Busia, Malaba, Namanga, Holili, Mutukula na Tunduma pande zote mbili hupita kushoto, na Goma na Gisenyi zote hupita kulia.

Wazoefu wa mipaka hii wanalijua hilo, na wengi hujikumbusha kabla ya kushuka kwenye gari. Lisilosemwa sana ni kwamba hata aliyetazama upande sahihi, akaliona lori vizuri mchana kweupe, bado anaweza kuukosea mwendo wake. Na sababu si uzembe wala haraka ya biashara. Sababu ni kwamba macho nayo yanatembea, na ubongo unalazimika kukisia ni mwendo upi ni wa lori na upi ni wa macho yenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake iliyotolewa Desemba 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo ukilinganisha na idadi ya watu. Ajali hizo zina sababu nyingi: mwendo kasi, breki mbovu, pombe, barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu. Macho ni sababu moja tu kati ya nyingi, ila ndiyo ambayo kila anayevuka barabara anatembea nayo.

Jicho halitulii

Kuna jaribio la bure ambalo mtu anaweza kulifanya leo. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha hamishia macho kwenye jicho la kulia, kisha rudi la kushoto. Utayaona macho yako yametulia hapa, halafu yametulia pale. Safari ya katikati hutaiona hata ukirudia mara mia. Mwambie mwenzako asimame pembeni akutazame: yeye atayaona yakiruka waziwazi. Kamera ya mbele ya simu, kwa kuwa picha yake huchelewa kidogo, inaweza nayo kukuonyesha kile ambacho kioo kinakificha.

Watafiti waliokuwa wakichunguza usomaji nchini Ujerumani, Benno Erdmann na Raymond Dodge, waliligundua jambo hili mwishoni mwa karne ya 19. Macho hayatelezi juu ya mistari ya maandishi kama wengi wanavyodhani. Yanaruka, yanatua, yanaruka tena. Mtu aliye macho hufanya miruko ya namna hiyo takriban mitatu kwa sekunde, na kila mmoja huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, mara nyingi kati ya elfu 20 na elfu 80 za sekunde, yaani milisekunde.

Ukijumlisha, hesabu inashangaza. Tukichukua mruko wa milisekunde 40, mitatu kwa sekunde, basi katika saa nzima ya kuwa macho, dakika kama saba zinapita jicho likiwa hewani kati ya kituo na kituo. Katika dakika hizo picha inayoingia jichoni ni ukungu unaokimbia, na hatuuoni kwa sababu ubongo hupunguza nguvu ya kuona wakati wa mruko na kuunganisha kilichotangulia na kilichofuata.

Uunganishaji huo huacha alama. Tazama ukutani, kisha geuza macho ghafla kwenye saa yenye mshale wa sekunde. Mara nyingi mshale utaonekana umeganda kidogo kabla ya kuanza kwenda, kana kwamba sekunde ya kwanza ni ndefu kuliko zinazofuata. Ubongo umekijaza kile kipande cha muda kilichopotea kwa picha uliyoikuta baada ya kutua. Saa haikusimama. Vivyo hivyo lori linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa halisimami: katika mruko mmoja wa milisekunde 50 limeshasogea zaidi ya mita moja.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba jicho hufunga duka kabisa wakati wa kuruka. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Ufaransa, Eric Castet na Guillaume Masson, walionyesha watu mistari inayopita kwa kasi kubwa kiasi kwamba jicho lililotulia halikuweza kuona mwendo wowote. Macho yaliporuka kuelekea upande ule ule wa mistari, mwendo ukaonekana. Abiria wa dirishani anaweza kulihisi jambo hili mwenyewe. Akitazama changarawe za pembeni mwa barabara basi likiwa kasi, ataona michirizi mitupu. Akirusha macho kwa ghafla kuelekea nyuma ya basi, kwa nukta moja jiwe moja linaonekana wazi, limesimama, kisha linapotea.

Hati za mzigo

Sasa swali lenyewe. Macho yakigeuka kulia, picha yote iliyo nyuma ya jicho inateleza kushoto: nyumba, miti, malori yaliyopanga foleni. Kamera ya simu ukiizungusha hivyo, video yake inatia kizunguzungu. Kwa nini basi mtu akigeuza macho haoni nyumba zikikimbia?

Mwanasayansi wa Kijerumani wa karne ya 19, Hermann von Helmholtz, alilijibu kwa kidole. Funga jicho moja, kisha sukuma taratibu sana kona ya nje ya jicho lililo wazi, juu ya kope. (Mwenye ugonjwa wa macho au aliyefanyiwa upasuaji asijaribu.) Dunia inayumba. Jicho limesogea kidogo tu, kidogo kuliko linavyosogea kila nukta, lakini safari hii kila kitu kimesogea nacho. Tofauti ni moja: jicho halikusogezwa kwa amri ya ubongo. Limesukumwa na kidole.

Anayepitisha bidhaa forodhani ataelewa upesi. Siku hizi, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, hati za mzigo hushughulikiwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam kabla lori halijafika mpakani. Likifika, ofisa analinganisha kilichomo na kilichotangazwa. Vikilingana, lori linapita bila kelele. Mzigo usio na hati unazuiwa. Ndivyo ubongo unavyofanya. Kila unapoamuru misuli ya jicho, hutuma nakala ya amri hiyo kwa sehemu zinazoshughulikia kuona: jicho linakwenda kulia kwa kiasi hiki, tarajieni picha kuteleza kushoto kwa kiasi hicho hicho. Picha ikiteleza kama ilivyotangazwa, inapita, na dunia inaonekana imetulia. Kidole hakina hati. Picha inateleza bila taarifa, na ubongo unaamua kwamba kilichosogea ni dunia.

Mwaka 1950 wazo hilo lilithibitishwa pande mbili za Atlantiki kwa njia ambazo leo zinasikika za kikatili. Erich von Holst na Horst Mittelstaedt, huko Ujerumani, walimgeuza nzi kichwa juu chini na kukigandisha hivyo. Hati na mzigo vikawa vinapingana, na nzi akawa anazunguka pale pale bila kukoma. Marekani, Roger Sperry aliligeuza jicho la samaki kwa upasuaji, na samaki naye akazunguka. Sperry alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, ingawa kwa kazi nyingine, ya pande mbili za ubongo. Baadaye, kwa kuchunguza nyani, Marc Sommer na Robert Wurtz wakaonyesha mwaka 2002 mojawapo ya njia ambazo nakala hiyo hupita ndani ya ubongo: inaanzia kwenye shina la ubongo ambako miruko ya macho huamriwa, na kupanda hadi sehemu ya mbele.

Kwa binadamu, ushahidi mzito ulitoka hospitalini. Mwaka 1997 madaktari wa Tübingen, Ujerumani, waliripoti juu ya mwanamume mwenye umri wa miaka 35 aliyepata madhara sehemu ya nyuma ya ubongo, pande zote mbili. Alipotuliza macho aliona sawa. Alipofuata kitu kwa macho, dunia nzima ilikimbia kuelekea upande wa pili, na kizunguzungu kikamshika. Madaktari walipopima waligundua kwamba mwendo aliouona ulilingana kabisa na mteremko wa picha ndani ya jicho lake. Macho yake na misuli yake havikuwa na hitilafu. Ubongo wake haukuweza tena kutumia nakala ya amri, hivyo kila safari ya macho ikahesabiwa kuwa safari ya dunia.

Tangazo pungufu

Laiti hati zingekuwa sahihi daima, makala haya yangeishia hapo. Lakini kila mfanyabiashara anajua tofauti kati ya kilichopakiwa na kilichoandikwa, na hapa ndipo barabara inaporudi.

Mwaka 1882 mtaalamu wa Vienna, Ernst Fleischl, aliandika kwamba kitu kinachopita huonekana kwenda polepole zaidi mtu anapokifuata kwa macho kuliko anapotuliza macho mahali pamoja na kukiacha kipite. Miaka minne baadaye Hermann Aubert alilipima jambo hilo na kulikuta kweli. Limerudiwa mara nyingi tangu hapo. Kitu ni kile kile na mwendo ni ule ule. Anayekifuata anaona taratibu, aliyetuliza macho anaona kasi.

Mwaka 1922 Mjerumani mwingine, Wilhelm Filehne, akaongeza la pili: unapofuata kitu kinachotembea, vitu vya nyuma yake vilivyosimama huonekana kuteleza kidogo kurudi kinyume. Nyoosha kidole, kipeleke taratibu mbele ya ukuta wenye picha au kalenda, kifuate kwa macho. Ukiwa makini utaiona kalenda ikirudi nyuma kidogo.

Maelezo yanayokubalika na wengi yanayaweka yote mawili kwenye kapu moja. Mwendo ambao ubongo unausoma kutoka kwenye amri za macho ni mdogo kuliko ule unaousoma kutoka kwenye picha inayoteleza ndani ya jicho. Yaani hati inatangaza pungufu. Unapofuata lori, picha yake imetulia katikati ya jicho, kwa hiyo mwendo wake unajulikana kwa sehemu kubwa kupitia hati ya macho, na hati imepunguza. Kile kilichobaki bila kutangazwa kinabandikwa kwenye kalenda ya ukutani, au kwenye vibanda vilivyo nyuma ya lori.

Mtu anayesubiri kuvuka hufanya nini? Hulifuata lori kwa macho. Ndivyo mwili unavyotaka, na ndivyo wazazi wanavyofundisha: litazame gari mpaka lipite. Ushauri si mbaya, maana asiyelitazama hata kuliona hataliona. Ila anayelitazama hivyo anapewa mwendo uliopunguzwa. Dawa yake ni ndogo na haina gharama. Ukishaliona lori, tuliza macho kwa nukta moja kwenye kitu kilichosimama kando ya barabara, nguzo au alama, na uone lori linavyokipita.  

Kadiri linavyokuwa kubwa

Kuna kosa jingine linalowahusu hasa wanaoishi na malori na treni. Mwaka 1985 Herschel Leibowitz wa Pennsylvania, Marekani, alijiuliza kwa nini madereva wanavuka reli mbele ya treni ambayo wameiona. Alieleza kwamba kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kidogo chenye mwendo ule ule. Mfano wake ulikuwa ndege: ndege kubwa ya abiria ikitua huonekana kama imening'inia, wakati ndege ndogo inaonekana kukimbia, ingawa kubwa ndiyo yenye kasi.

Leibowitz alitoa hoja tu. Vipimo vilifanywa miaka mingi baadaye katika Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, ambako Helen Clark, John Perrone na Robert Isler walichapisha mwaka 2013 matokeo ya majaribio ya treni na magari kwenye picha za kompyuta. Watu waliona kweli treni inakwenda polepole kuliko gari dogo lenye mwendo sawa. Kisha wakafuatilia macho yenyewe yanakotua. Kwenye gari dogo hutua karibu na mbele. Kwenye treni ndefu yanavutwa kuelekea katikati ya ule mwili mrefu, mbali na pua inayokuja kugonga.

Mtu anayeuza nyanya kandokando ya reli ya zamani, ile inayokatiza masoko na barabara za miji mingi ya kanda hii, ana sababu ya kulifikiria hilo. Hali kadhalika anayevuka mbele ya lori lenye trela mbili.

Na hapo tunazungumzia lori linaloonekana kwa ubavu. Likija moja kwa moja mbele yako halitelezi kushoto wala kulia. Dalili pekee ni kwamba linakua. Ukuaji huo ni wa hila. Nyoosha mkono na utazame kidole gumba. Lori lenye upana wa mita 2.5 likiwa mita 200 mbele, upana wake ni theluthi tu ya kidole hicho. Likiwa mita 100 ni kama theluthi mbili. Kwa kilomita 80 kwa saa, limetumia sekunde nne na nusu kuongeza theluthi moja ya kidole. Likifika mita 50, linahitaji sekunde moja na kidogo tu kufika mita 25, na katika sekunde hiyo linaongezeka kwa kidole gumba na nusu. Ndiyo maana watu husema lori "lilitokea ghafla" kwenye barabara iliyonyooka isiyo na kona hata moja. Hawasemi uongo.

Watoto wana shida zaidi. John Wann na wenzake wa chuo cha Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa shule ya msingi wanaweza kushindwa kabisa kuuona ukuaji huo gari likizidi takriban kilomita 32 kwa saa. Mama anayempa mtoto wa miaka tisa kapu na kumwambia "vuka, mimi nakuja" anamwamini mtu ambaye ubongo wake bado haujakamilika kwa kazi hiyo.

Pikipiki usiku nayo ina lake. Gari lina taa mbili, na zinapokaribia huonekana kuachana. Pengo linakua na jicho linapata cha kupimia. Bodaboda ina taa moja. Nukta ya mwanga haina pengo la kukua. Watafiti hao hao wa Royal Holloway walikuta kwamba kuongeza taa ndogo ili pikipiki iwe na nukta tatu badala ya moja kunasaidia watu kukadiria mwendo wake.

Hesabu ya kando ya barabara

Barabara ya njia mbili ina upana wa takriban mita saba. Mtu mwenye mzigo akitembea mita moja kwa sekunde anahitaji sekunde saba kuimaliza. Katika sekunde saba lori la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 155, yaani uwanja wa mpira na nusu nyingine. Kwa hiyo lori lililo karibu kuliko hapo liko karibu mno, hata kama linaonekana limelala. Wengi wanaosimama pembeni mwa barabara za Namanga au Malaba wangeliita lori la umbali huo "bado mbali".

Mzigo wenyewe unazidisha tatizo. Aliyebeba ndoo au bunda la mitumba kichwani hageuzi shingo kwa haraka, maana kitaanguka. Anatazama kwa kona ya jicho. Kona ya jicho inaona kwamba kuna kitu kinasogea, lakini ni dhaifu katika kueleza ni nini na ni umbali gani. Anayebeba kichwani anapaswa kugeuza mwili mzima kabla ya kuvuka, pande zote mbili, bila kujali yuko nchi gani.

Kwa upande wa abiria, uongo wa macho mara nyingi ni wa kuchekesha tu. Basi limesimama stendi, la jirani linarudi nyuma, na ghafla unahisi lako limeanza kwenda bila dereva. Picha yote ya dirishani imeteleza, hakuna amri ya macho iliyotumwa, na kwa kuwa dunia nzima si kawaida kuteleza, ubongo unahitimisha kuwa ni wewe. Anayesoma ujumbe wa simu kwenye barabara ya kona anapatwa na kichefuchefu kwa sababu ya mgongano wa aina hiyo: macho yameganda kwenye simu iliyotulia huku sikio la ndani likiripoti kila kona. Wanaovuka Ziwa Victoria kwa boti wanajua dawa, kutazama ufuko wa mbali.

Kwa dereva wa usiku mambo si ya kuchekesha. Gizani, taa za gari la mbele zinakuwa ndicho kitu pekee cha kutazama, hakuna nguzo wala mti wa kupimia, na macho yanazifuata zenyewe. Kila kinachohitajika ili kuukosea mwendo wa gari la mbele kipo.

Mwanamke wa Munich

Mfano mzito zaidi wa kile ambacho macho hufanya bila kushukuriwa ulirekodiwa Munich, Ujerumani. Mwaka 1983 Josef Zihl na wenzake waliripoti kuhusu mwanamke wa miaka 43 ambaye damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo ilimharibia sehemu inayoshughulikia mwendo pande zote mbili. Aliona rangi, alisoma, alizitambua sura za watu. Mwendo hakuuona. Akimimina chai, aliona kama imeganda hewani kama barafu, na hakujua aache lini kwa sababu hakuona kikombe kikijaa. Watu chumbani walikuwa hapa, kisha ghafla pale, bila kupita katikati.

Barabara ndiyo ilimshinda kabisa. Alieleza kwamba gari alipoliona mara ya kwanza lilikuwa mbali, na alipotaka kuvuka tayari lilikuwa mbele yake. Kwa umbali na ukubwa macho yake yalikuwa mazima; kilichokosekana ni kile tu kinachounganisha picha moja na inayofuata.

Taratibu alijifunza njia nyingine. Alianza kusikiliza. Mlio wa injini ulipozidi kuwa mkubwa alijua gari linakaribia, na kwa masikio hayo akaanza tena kukadiria umbali wake. Kwenye vituo vya mpakani ambako malori huunguruma usiku kucha yakisubiri zamu, wauzaji wa chai na mahindi hutumia masikio yao vivyo hivyo, na hugeuka kabla hata ya kuona. Lakini Kigali na Nairobi bodaboda za umeme zinaongezeka mwaka hadi mwaka, na nyingine zimeanza kuonekana kwenye miji ya barabara kuu. Zina taa moja mbele, na usiku hupita karibu kimya.